Kidole Gumba Kilichozikwa Sirisia

Benchi ya Mama Phelista ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kando ya barabara inayoingia Kipsongo, mjini Kitale. Kila asubuhi thamosi ya kahawa ikifunguliwa, wanakuja wale wale: Wakili, ambaye jina lake ni Rotich na kazi yake ni kutoa fotokopi nje ya korti, Injinia, yaani Wanyonyi, fundi wa baiskeli, na Khisa, ambaye tangu mwezi jana wanamwita Tisa, kwa kuwa mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi ulimng'oa kidole gumba cha kushoto. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomkosesha usingizi ni karatasi iliyokuwa mfukoni. Madam Gladwell, mwenye mashine, alitaka akiri kwamba aliumia kwa uzembe wake na kwamba hatafungua kesi, naye apewe magunia mawili ya mahindi. Karatasi ilitakiwa irudi kabla ya saa sita.

Wakili aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

— Hii haiwezi, bana. Hapa chini wanataka alama ya gumba ya kushoto. Yako iko wapi?

— Sirisia, Tisa akasema. Nyuma ya migomba ya baba.

— Mliizika?

— Na maombi. Wazee walikataa iachwe hospitali. Watu walikuja wengi, mpaka tukakodisha viti.

— Na chakula? Injinia akauliza.

— Kuku tatu.

— Kuku tatu kwa kidole moja! Babu yangu alizikwa mzima na kuku mbili.

Wakili akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi kortini, na kweli aliyaona, ila kupitia dirishani.

— Mliharibu ushahidi. Jaji akiuliza kidole iko wapi, utamwambia imelala? Lazima ifukuliwe, daktari aipime, aseme nini iliiua.

— Si mashine?

— Wewe unajua. Daktari hajui.

— Hata mkifukua, Injinia akasema, wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kesi ya kidole moja ni nyepesi. Ungekatwa mbili, saa hii Madam angekuwa amekupigia magoti.

— Injinia, leta yako tumwongezee, Phelista akasema huku akimimina kahawa.

— Ngoja, mama, sijamaliza. Mimi ningeshtaki mashine yenyewe. Kwetu ng'ombe ikitoboa mtu, si inachinjwa?

— Mashine utaichinjia wapi? Phelista akauliza.

— Basi ifungwe. Ipukuchue mahindi ya wafungwa miaka saba. Hiyo ndio kazi ngumu.

— Itatoroka, Wakili akasema. Iko na magurudumu.

Walicheka, Tisa naye akacheka, mkono wa kushoto ukiwa umefichwa kwapani.

— Na tena ilitengenezwa ng'ambo, Wakili akaendelea, sasa sauti ikipanda. Kesi itasikizwa huko. Tisa atahitaji paspoti, na kidole pia ipate yake, kwa sababu siku hizi haisafiri na mwili.

— Kidole ikipigwa picha ya paspoti inaangalia wapi? Injinia akauliza.

— Upande wa kucha. Huo ndio uso.

Tisa aliinywa kahawa yake polepole. Alimkumbuka mkewe, Nakhungu, akikung'uta debe tupu la unga asubuhi ile.

— Si niweke tu gumba ya kulia? akasema. Watoto hawali kesi.

Phelista akaiweka thamosi chini.

— Ukiweka umeweka, Phelista akasema. Hutarudi nyuma.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Injinia akasema. Hata kama amekatwa hukohuko mvunguni.

Wakili akatoa kibweta chake cha wino bila kumtazama mtu. Tisa akachovya gumba la kulia. Lilikuwa hewani, juu ya karatasi, msichana alipofika akaomba kikombe kimoja. Alivaa gambuti mpya zenye bei bado imebandikwa.

— Sasa wazee. Mimi ni Jepkoech, nimetoka Saboti. Madam Gladwell ameniandika, naanza saa sita kwa ile mashine ya mahindi. Nyinyi ni wa hapa, si mnisaidie. Ile kifuniko ya kufunika mkanda hukaa wapi? Nimetafuta tangu asubuhi, sijaiona.

Wakili alimtazama Injinia. Injinia akatazama ndani ya kikombe. Tisa aliliondoa gumba juu ya karatasi. Miaka mitatu alisimama kando ya mkanda ule. Aliujua mlio wake ukitaka mafuta, aliujua ukilowa mvua. Swali hilo hakuwahi kuliuliza.

Akaufuta wino kwenye suruali, taratibu, mpaka gumba likarudia rangi yake.

— Kunywa kahawa, dada, akasema. Halafu twende ofisi ya leba, kwa wakaguzi wa kazi. Hiyo swali nataka uiulize huko, mimi nikiwa kando yako.

— Ati leba? Na kazi yangu?

Tisa aliinua mkono wa kushoto kuikunja karatasi, ndipo macho ya Jepkoech yakaufikia. Msichana akaweka kikombe chini, kahawa haijafika nusu, akasimama kando yake.