Mzee Nuruddin na Daftari la Namba Kumi na Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinamia hadubini, Mzee Nuruddin Salehe wa maabara yetu hapa Shinyanga anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1998.

Alianza na makohozi na vinyesi, kama sisi sote. Baadaye akachukua kupima mbegu za wanaume, kazi ambayo haikugombewa na mtu. Siku hizo aliyeletwa hospitali ni mke. Mume alibaki nje akishika baiskeli. Mzee aliwafuata waume huko huko, akawapa kichupa.

Marselino, mchimba dhahabu wa Geita, alikuja na kichupa chake. Haikuonekana mbegu hata moja. Mzee akakiinua kwenye mwanga: chini lilimetameta tone la zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Akamwambia humo hata mamba asingepona. Kwenye kichupa safi zilionekana mbegu chache, zinatembea kilevi. Marselino akalia, maana alidhani ugumba ni wa mkewe, Generosa, na alikwisha kumrudisha kwa wazazi wake.

Mzee akamfunulia daftari lake la dawa za asili, lenye namba za wagonjwa bila majina. Namba kumi na moja alikuwa ametumia mlonge, habasoda, asali, na mizizi ya waganga watano, kila dawa miezi mitatu. Kila mara sifuri. Na mtu huyo, Mzee akasema, jioni anakula wali na mkewe na wanacheka. Marselino akaenda moja kwa moja ukweni. Mwaka uliofuata walikuja wote wawili kusalimia, bila mtoto, na jogoo.

Kichupa cha namba kumi na moja kilikuwa mezani kila mara kabla mlango haujafunguliwa. Ufunguo alikuwa nao Mzee peke yake.

Kisha akasoma mahali kwamba seli shina, zile zinazozaa mbegu, zimehamishwa kutoka panya mzima hadi panya mgumba, naye akazaa. Tangu hapo, mvua ikinyesha, alisimama dirishani akitazama watu wakitoa miche ya mpunga kitaluni na kuipandikiza majarubani, akasahau chai yake mpaka ikapoa.

Wasifu huu aliusoma jana. Akaongeza kwa kalamu nyekundu: namba kumi na moja ni mimi, andikeni hivyo, na ukurasa wangu msiufunge bado.

Asante, Mzee. Daftari tumelipokea, na ukurasa wako, kama ulivyoomba, hatutaufunga. Wewe na mkeo, Bi Mwaisha, tunawatakia mvua za kutosha, wali wa moto, na vicheko vile vile.