Upande wa Nne wa Kiraka

Wavinya Kilonzo, ambaye ploti nzima kule Mwiki ilimjua kama Mama Ndanu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Ngoliba, mtoto wa tatu wa Mzee Mbaluka na Mama Ndila, akasoma shule ya msingi papo hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka wa 1982, kisha akabaki kumsaidia mamake shambani.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani na Kilonzo, dereva wa lori, wakaishi Kamenu, Thika, na huko Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ndanu, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1992. Mwaka uliofuata familia ilihamia Mwiki, naye Wavinya akaajiriwa katika kiwanda cha mashati huko Ruiru, akawekwa kwenye laini ya mifuko, na hapo akakaa hadi kiwanda kilipofungwa Septemba 2019. Alishona mfuko kushoto, chini, kulia, akaacha mdomo wazi, akasukuma shati kwa mwenzake, akavuta lingine. Shati zima hakuwahi kushona.

Kilonzo alikuwa ameaga dunia mwaka wa 2011, na Ndanu alikuwa amekwenda Doha kufanya kazi mwaka wa 2018, kwa hiyo Wavinya, aliyezoea kuketi katikati ya wanawake wanaocheka kushinda mashine, alijikuta na cherehani moja, kitanda cha Ndanu kilichotandikwa bila mtu, na kimya.

Januari 2024 Ndanu alipiga simu akasema atakuja nyumbani Desemba, na siku hiyo hiyo Wavinya akaamua kumshonea blanketi la viraka, kazi ambayo hakufunzwa na mtu. Alijifunza kwa video za simu, na kwa kuwa yule mwalimu alisema Kiingereza cha mbio, alizima sauti akatazama mikono tu. Baadaye aliirudisha sauti, si kwa sababu alianza kuelewa, bali ili nyumba iwe na mtu anayeongea.

Viraka vya kwanza aliviweka vizuri, rangi zikapendana, lakini alipoliinua blanketi aliona kila kiraka kimeshonwa pande tatu, upande wa juu ukiwa wazi, kwani mkono ulipofika hapo ulisimama wenyewe. Jirani yake Wamboi, aliyekuja kuomba chumvi, alicheka hadi akashika mlango: “Mama Ndanu, hii ni blanketi ama ni kioski? Weka nyanya hapa, weka simu pale, na hapa kando nifichie sukari, hawa watoto wangu wamenimaliza!” Wavinya alicheka naye, akamwomba aketi kidogo, lakini Wamboi alikuwa ameacha sufuria jikoni. Wavinya akafumua yote, akaanza tena, akiuambia mkono wake kwa sauti kila alipofika pembeni: “Bado, endelea.”

Desemba ikafika, mkataba wa Ndanu ukaongezwa, hakuja. Machi 2025 Wavinya aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, lakini kwenye simu alimwambia bintiye, “Ni homa tu, mama, wewe fanya kazi,” akaendelea kushona polepole, miguu ikiwa imevimba juu ya pedali, hadi tarehe 27 Aprili alipolitandika blanketi juu ya kitanda cha mtoto wake. Yeye mwenyewe hakujifunika blanketi hilo hata siku moja. Alilazwa Thika tarehe 2 Mei, akaaga dunia tarehe 9 Juni 2025.

Ndanu alifika tarehe 11, akaingia chumbani na viatu vyake, akajifunika blanketi lile gubigubi, akalala hadi jua likawa utosini, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika, wenzake wa laini ya mifuko waliosafiri kutoka mbali, Wamboi aliyempeleka hospitali na kumshika mkono, na majirani wote wa ploti, ambao wiki hii wameijaza nyumba yake hadi viti vikaazimwa, wengi wenu mkiingia humo kwa mara ya kwanza.

Wavinya, sasa pumzika kwa amani, usisikilize tena mlango. Mtoto ameshafika.