Sarafu Iliyokataliwa na Kondakta

Kondakta alimrudishia mama mshonaji sarafu yake. "Hii mbovu, mama. Picha imekimbilia pembeni."

Mama akalipa kwa nyingine, akimlaani mteja aliyempa ile. Jirani yake kitini, fundi saa mwenye lenzi shingoni, akaomba kuiona. Aliikodolea macho kwa muda mrefu mpaka nami, niliyekaa nyuma yao, nikaanza kuiheshimu.

"Dada yangu, hii haikupigwa nyundo wala tupa. Ona ukingo ulivyo laini, na hapa patupu pana umbo la mwezi mchanga. Ilikaa upande kiwandani, muhuri ukaikosa katikati. Nakusanya sarafu tangu ujana, ya namna hii sijawahi kuishika."

"Kwa hiyo ikiwa nzima ni nauli, ikiwa kilema ni mali?"

"Hasa! Niuzie kwa bei ya cherehani."

Mama akaangua kicheko. "Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Hiki changu mbona kinachumbiwa? Cherehani mpya au mtumba?"

"Mtumba, dada."

"Basi mimi nataka mpya." Akampokonya sarafu, akaitemea mate, akaanza kuisugua kwa pindo la gauni.

"Usiisugue!" Fundi alilia kama aliyekanyagwa kidole. "Ukiing'arisha umeiua thamani!"

"Makubwa! Kumbe hata uchafu una bei?"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Mama akaifunga sarafu kwenye leso, akashuka. Fundi akamfuata mbio, akimsihi asiichanganye na funguo.

"Nifuate tu, kaka," nilimsikia mama akisema. "Kila hatua bei inapanda."