Fundi wa Lifti na Kadi za Mbuzi Wake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, naomba utulivu, na mliokaa nyuma msihangaike kusogea, sauti ya mjukuu huyu haijawahi kuhitaji kipaza sauti, ndiyo maana wenye vyeti vyao wamekaa, na karatasi ya wasifu wa marehemu nimepewa mimi niliyeishia darasa la saba.

Marehemu babu yetu, ambaye wote mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa garimoshi na mshona nguo, mahali ambapo mnyama pekee aliyefahamika ni panya, na hata huyo hakuheshimika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akasomea ufundi wa umeme, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa kutunza lifti za jengo la ofisi lenye ghorofa kumi na moja, kazi aliyoifanya miaka arobaini na moja ndani ya shimo lisilo na dirisha, na kila mchana alipanda juu ya paa kugawana mkate wake na njiwa, ambao alidai wana akili kuliko mameneja, na waliowafahamu mameneja hawakubisha.

Mwaka 1977 mpokea simu wa jengo hilo alikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, marehemu akawa anampigisha soga kupitia upenyo wa mlango kwa dakika arobaini, hitilafu ambayo mafundi wenzake waliapa huondolewa kwa dakika tano, na tarehe 9 Desemba 1978 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, na siku mbili baadaye akahamia hapa shambani kufuga mbuzi, peke yake, kwa kuwa bibi alimwambia wazi kwamba yeye aliolewa na fundi wa mjini, hakuolewa na mchunga mbuzi, na kwamba anataka bomba ndani na jirani wa kugongeana naye ukuta, naye akajibu kwamba ameshakaa gizani vya kutosha, sasa anataka kuona mvua inavyokuja.

Mbuzi sita aliwapa kila mmoja kadi ya ukaguzi kama ya lifti, akawavisha shingoni, na kufikia jioni walikuwa wameshakula kadi zote, kila mmoja ya mwenzake, ndipo akazitundika nyingine juu mlangoni mwa banda, na kila Jumatatu saa mbili asubuhi alikagua kwato, meno na macho, akatia sahihi yake, lakini kadi ya lifti huwa na sahihi mbili, ya fundi na ya shahidi, na nafasi ya shahidi ilikaa wazi miaka mitatu.

Tarehe 17 Agosti 2014 bibi alikuja kutembea siku mbili, tiketi ya kurudi mkobani, kesho yake mgongo ukamlaza marehemu kitandani, bibi akaingia bandani na viatu vyake vya mjini, akiwakemea mbuzi kwa sauti ileile ya mpokea simu, akakagua, akaona nafasi zile tupu, akatia sahihi, na tiketi ile imo mkobani mpaka leo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia hospitalini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kufunga maturubai, na mafundi wenzake waliosafiri kutoka mjini, pia inawajulisha watoto wake, waliokuja na lori tupu ili wakamhamishie mama yao ghorofa ya nne mjini, kwamba lori litarudi tupu, maana leo ni Jumatatu, na saa mbili asubuhi, mkiwa mnapanga viti, bibi alikuwa bandani, amekagua mbuzi wote kumi na mmoja, ametia sahihi yake penye shahidi, na nafasi ya fundi ameiacha wazi.

Fundi, pumzika kwa amani, mbuzi wako wazima.