Mkia Unaua, Kichwa Kinamtaja: Miaka 35 ya Mama Verdiana

"Afisa ugani hakuajiriwa kufundisha Kiingereza. Mkulima mwonyeshe rangi ya kifuniko, inatosha." Maneno hayo aliyasema ndugu yetu Hilary katika kikao chetu cha maafisa cha Mei, akapendekeza darasa la Alhamisi la kusoma lebo za dawa life siku Mama Verdiana atakapoondoka, na bati lake la kuandikia likaezekee banda la pikipiki. Watu kumi na wawili wenye akili timamu walimsikiliza, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Basi tukohoe leo.

Mama Verdiana Kokushubila anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya ugani katika wilaya za Mbulu na Hanang. Alifika Tlawi akitokea Bukoba mwezi Julai 1990, katikati ya baridi, na sweta moja. Mwezi ulipoisha alikuwa na nne, na alizivaa zote kwa pamoja. Wakulima walidhani ni mnene, hadi jua la Oktoba lilipowafichulia ukweli.

Turudi kwenye rangi. Mwaka 1997, alipokuwa amehamia Maretadu, mkulima aitwaye Evarist aliingiliwa na vidukari kwenye maharage. Akaenda dukani, akaomba dawa ya kifuniko chekundu kama miaka yote. Msimu ule kifuniko chekundu kilikuwa kimehamia kwenye dawa ya magugu. Evarist alinyunyizia shamba zima, mstari kwa mstari, kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Baada ya siku chache maharage yalikuwa yamekauka yote. Alikuja ofisini, akavua kofia, akasema: "Shikamoo, Mama. Wadudu wangu hawajambo. Wanaulizia chakula." Alicheka yeye mwenyewe, lakini mwaka ule nyumba yake ilikula ugali bila maharage. Ndugu Hilary, rangi ilikuwa sahihi kabisa.

Mtu mwingine angemlaumu mkulima, akafunga faili. Lebo za Kiswahili tunazidai, na tuendelee kuzidai kwa sauti kubwa, lakini mdudu hasubiri madai. Alhamisi iliyofuata Mama Verdiana alipaka bati kuukuu rangi nyeusi, akaliegemeza nyuma ya ofisi ya kata na kuandika herufi nne: "cide". Huu ni mkia, alisema, na kazi yake ni moja, unaua. Anayeuawa anatajwa kichwani. Ukiona "insecticide", anakufa mdudu. "Herbicide", linakufa gugu, na maharage yako nayo kwa dawa hiyo ni majani tu. "Fungicide" ni ya ukungu, "rodenticide" ni ya panya. Ama "pesticide", huyo alimwita mgeni asiyetaja ukoo wake: anaua kila msumbufu wa shamba, kwa hiyo usimkaribishe kabla hujamuuliza zaidi.

"Sasa, kabla ya kujaza pampu mnasoma wapi?" aliuliza.

"Kichwani!"

"Na mkishindwa kusoma?"

"Tunauliza jirani!"

"Jirani gani? Evarist?"

Kicheko cha siku ile kilisikika hadi zahanati, na Evarist ndiye aliyecheka zaidi.

Hakujifanya kujua yote. Getruda, mkulima bingwa wa kutega maswali, alileta neno "decide" akitaka kujua linaua nani. Mama Verdiana alijibu hadharani kwamba hajui, akaliandika kwenye daftari. Alhamisi ya pili alirudi na jibu: zamani mkia huo ulikuwa wa kukata pia, na neno lenyewe maana yake ni kuamua. Getruda akapiga makofi: "Kumbe hata Waingereza shauri wanalikata!" Ni maafisa wangapi wetu wanaoweza kusema "sijui" mbele ya wakulima arobaini?

Mwaka 2006 alihamishiwa upande wa Basotu, kwa wafugaji. Huko Mzee Gidahosh, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alimpinga waziwazi: "Mama, sisi ng'ombe hatumjui kwa mkia. Tunamtazama alama ya sikio." Mama Verdiana akamjibu kwamba neno la josho nalo lina sikio lake. Akamwandikia mwanzo wa "acaricide", dawa ya kupe: herufi tano, "acari". Mzee alizichonga kwenye fimbo yake kwa kisu, zikakaa humo kama alama ya ukoo.

Miaka miwili baadaye kopo jipya lililetwa joshoni. Ng'ombe zaidi ya mia mbili walikuwa wamepangwa wakisubiri. Mzee Gidahosh aliinamisha fimbo kwenye lebo, akalinganisha herufi moja moja, kisha akakalia kopo. "Mkia ni ule ule," alisema, "ila sikio si la kupe. Ng'ombe wangu hawaingii." Ilikuwa dawa ya kunyunyizia ngano. Hakuna mnyama aliyelowa siku ile, na kifuniko, ndugu Hilary, kilikuwa cha bluu, kama cha siku zote.

Mama Verdiana, ulirudi Maretadu mwaka 2014, ukalikuta bati lako na kuliendeleza hadi leo. Tunakushukuru kwa Alhamisi zako zote. Nenda nyumbani salama, ule ndizi, ulale bila kuamshwa na mtu mwenye jani lenye madoa mkononi. Sweta tatu tuachie.

Na ninyi, Severine na Tadei, maafisa wapya mnaopokea kiti chake: bati lisiguswe. Alhamisi tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, mmoja wenu asimame mbele yake na chaki. Evarist ameshasema atakaa benchi la kwanza, na maharage yake yameshaanza kuingiwa na wadudu. Amueni leo nani atashika chaki. Na mwende na Hilary, akae karibu na Evarist.