Wasifu wa Bwana Teke, Aliyefunga Magari Yasivunjike

Marehemu, ambaye mtaa mzima pamoja na mkewe walimwita Bwana Teke, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa injini na mama wa nyumbani. Wa pili ni dada yake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na anayewaomba radhi mapema wale waliokuja kusikia mambo matamu tu.

Baba yao alikuwa na mkono mzito. Alipiga kwa mkanda, kwa spana, kwa chochote kilichokuwa karibu. Mwaka 1965 Teke alijitengenezea gari kwa bati la kopo la maziwa, likiwa na milango inayofunguka. Baba alilikanyaga kwa buti, kisha akamkanyaga vidole mwenye gari alipojaribu kuliokoa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikunyooka tena mpaka leo tunamzika. Dada mtu aliliokota lile bati lililopondeka akalificha chini ya kopo la unga, naye akala mkanda wake kwa kukataa kusema lilipo.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, na sekondari kwa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa ngumi. Agosti 1974 alifukuzwa kwa kumng'oa mwenzake meno mawili, na alipofika nyumbani baba akamng'oa yeye moja.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa posta, chumba cha kuchambulia vifurushi. Huko ndiko alikoona yanayovikuta vifurushi vya watu. Vilirushwa kutoka mlangoni hadi ukutani, vikakaliwa wakati wa chai, vikapigwa mateke ili vienee kwenye gunia. Siku moja mwaka 1986 mwenzake alikipiga teke kifurushi kilichoandikwa "Taratibu, kioo", na vipande vikasikika ndani. Teke alimpiga mtu huyo mpaka taya likahama. Alifungwa miezi sita, na kazi ikaishia hapo. Alipotoka ndipo akaanza kuuza magari ya mfano, yale madogo ya chuma ambayo watu wazima wenye akili zao huyakusanya na kuyapanga kabatini, akawa anawatumia wanunuzi kwa posta ileile.

Hakuna aliyefunga kama yeye. Vioo vya pembeni alivizungushia karatasi laini, milango akaifunga kwa uzi wa pamba isifunguke njiani. Gari lilirudishwa kwenye boksi lake la kiwandani, na selotepu haikuruhusiwa kuligusa boksi hilo, kwa kuwa mkusanyaji hulithamini kama gari lenyewe. Zikafuata katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na sponji pande zote sita. Mwisho alilitendea boksi yale aliyoyaona posta: alilibamiza ukutani mara tatu, akalikalia, akalipiga teke likabingirika ngazi zote ishirini na mbili za ghorofa yao. Kisha alilifungua, na kioo kimoja kikiwa kimelegea alianza upya. Jirani mgeni aliwahi kuita polisi akidhani kuna mtu anauawa. Askari alipoelezwa aliomba naye apige teke moja, akaondoka akichechemea.

Tarehe 9 Septemba 1989 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka la chini. Alipomposa, mwanamke huyo alimjibu hivi: "Habari za ngumi zako ninazo. Siku mkono huo ukimgusa mtu wa nyumba yangu, nabeba cherehani naondoka." Teke alikubali, na kwa zaidi ya miaka ishirini na miwili aliyaonea maboksi peke yake. Walijaliwa binti mmoja, Oktoba 1990, mwenye vidole vya mama na ubishi wa baba. Alipomaliza shule alifunga magari pamoja na baba yake, meza moja.

Yanayofuata baadhi ya ndugu walitaka yarukwe. Binti aliwaambia kwenye kikao cha mazishi: "Andikeni yote. Kama hamwezi, basi na mimi msiniandike." Kwa hiyo yameandikwa.

Februari 2012 binti alifunga gari jekundu la zimamoto ambalo mnunuzi alikuwa amelisubiri mwaka mzima. Aliliviringishia nailoni ya vipovu vya hewa, vipovu vikaelekea ndani, vikaigusa rangi. Chumba kilikuwa na joto kali. Tarehe 18, siku ya nne, Teke alifungua kukagua, akakuta rangi imejaa madoa ya duara kuanzia bampa hadi ngazi. Alishika chuma cha kukatia selotepu akampiga nacho binti yake. Pigo la kwanza lilimpata bega la kulia, mfupa ukavunjika. La pili na la tatu yalimpata mgongoni akiwa ameshaanguka. Binti alipiga mayowe, na ghorofa nzima ikausikia ule mshindo, lakini hakuna aliyetoka. Walisema Bwana Teke anajaribu maboksi yake. Ni mama yake aliyepanda mbio kutoka dukani, akampeleka hospitali, na jioni ileile akarudi kuchukua cherehani.

Teke aliishi peke yake miaka kumi na mmoja. Dada yake alimtukana usoni, kisha akaendelea kumpelekea chakula, maana hakuwa na kaka mwingine. Mwaka 2019 kisukari kilimshika na jicho la kushoto likaanza kupoteza nuru. Hapo dada alimletea lile bati, ambalo alikuwa amelitunza tangu utotoni. Teke alilinyoosha kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu, mpaka milango ikafunguka tena. Akasema ni la mjukuu wake ambaye hajawahi kumwona.

Tarehe 3 Juni 2023, saa nne asubuhi, alikuwa akilipeleka posta boksi lenye anwani ya binti yake. Karibu na kituo cha mafuta wanaume wawili wa pikipiki walidhani amebeba mali. Walimpiga nondo ya kichwa. Alilalia boksi na kulikumbatia, nao wakampiga mateke ya mbavu, mengine yakiliangukia boksi. Hakuliachia. Watu wa kituo walipopiga kelele wezi walikimbia mikono mitupu. Mbavu nne zilikuwa zimevunjika, na damu ilivujia ndani ya kichwa.

Binti alifika hospitali alikolazwa baba yake tarehe 11. Hakusalimia. Alichukua boksi lenye alama za buti na damu iliyokauka, akalikata kwa mkasi wa muuguzi. Aliondoa katoni mbili na sponji, akafikia nailoni ya vipovu, na vipovu vilielekea nje. Gari la bati lilitoka zima. Teke aliuliza, kwa sauti iliyomlazimu dada yake kuinama, kama kuna kilichovunjika.

"Humu hakuna, baba," binti alijibu. "Kwangu kipo."

"Najua, mwanangu. Nilikukosea."

Katika maisha yake yote dada hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Binti alivuta kiti akakaa. Alikuwa bado amekaa pale baba yake alipokata roho, saa tatu asubuhi ya kesho yake, tarehe 12 Juni 2023.

Marehemu ameacha dada mmoja. Mke waliyetengana naye, aliyeshona kitambaa cha jeneza hili kwa cherehani ileile. Binti mmoja, aliyeandikwa hapa kwa ruhusa yake mwenyewe. Na mjukuu mmoja wa miaka minne, mwenye gari la bati, ambaye hajawahi kupigwa na mtu.

Bwana Teke na apumzike kwa amani, ile ambayo kwa baba yake hakuikuta na kwake hakuiweka.