Bi. Agneta Wepukhulu: Miaka Thelathini na Miwili ya Stima, na Sahihi Moja Iliyobaki

Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wakurugenzi, Bi. Jepchirchir, Meneja Mkuu, Bw. Festus, wakuu wa idara kutoka Kitale na Bungoma, Mzee Kizito, mume wa mstaafu wetu, pamoja na jamaa mliofuatana naye kutoka Kamukuywa, wafanyakazi wenzangu wa Hoteli ya Mteremko: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Kesho, Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, Bi. Agneta Wepukhulu, fundi mkuu wa stima, anastaafu baada ya kuitumikia hoteli hii kwa miaka thelathini na miwili. Ameshakabidhi vifaa vyote isipokuwa ufunguo mmoja. Ameshatia sahihi hati zote isipokuwa moja: ile ya kuthibitisha kwamba taa za bustani hii ya Bungoma, zinazoongozwa na mtambo wa kidimbwi cha kuogelea, ni salama. Bila sahihi hiyo, kidimbwi hakifunguliwi Jumamosi. Hajaitia bado, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kuanzia kwenye chumba cha dobi.

Mwaka wa 1994, Bi. Agneta aliajiriwa tawi la Kitale kupiga pasi mashuka. Pasi ile iliungua waya kila baada ya wiki mbili, na kila mara fundi wa mjini aliitwa, akabadilisha waya, akaondoka. Bi. Agneta alivumilia miezi mitatu. Siku moja alizima stima, akafungua soketi mwenyewe, na ndani akakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ikishikilia kile kilichopaswa kushikiliwa na skrubu. Meneja wa wakati huo alimkemea asubuhi kwa kugusa yasiyomhusu. Alasiri alimwandikia barua ya kujiunga na masomo ya jioni ya ufundi. Mwaka wa 2001 akawa fundi msaidizi. Mwaka wa 2009, fundi mkuu. Soketi ile inafanya kazi hadi leo.

Wageni wetu wa Kitale, wakiwemo wakulima wa Endebess ambao husherehekea mavuno kwetu, wanaifahamu bustani iliyozunguka kidimbwi cha huko. Wasichokifahamu ni kwamba zamani taa zake zilikuwa na swichi sita katika pembe nne. Mfanyakazi alizunguka dakika ishirini akiziwasha, na alipofikia ya mwisho, mgeni fulani alikuwa ameshajikwaa karibu na ya kwanza. Mwaka wa 2022 hoteli ilinunua mtambo wa kuendesha kidimbwi: ndio uliowasha pampu, ukachuja maji na kuyapasha moto kwa saa zilizopangwa, nao huamriwa kwa simu. Wengine tuliona kisanduku cha kijivu ukutani. Bi. Agneta aliona nafasi nne ndani yake ambazo hazikuwa na kazi.

Alikisoma kitabu cha maelezo kwa majuma mawili, kalamu mkononi. Alizigawa taa katika makundi manne, ili pasiwe na nafasi itakayobeba mzigo unaoizidi. Taa za bustani hutumia stima ndogo inayopunguzwa na transfoma; kwa hiyo kila kundi aliliunganisha na mtambo kabla ya transfoma yake, si baada, ili kundi likizimwa, transfoma nayo ilale, yaani isiwe na stima. Nyaya alizizika chini ya safu ya matofali, kwa sababu, kama alivyomweleza mtunza bustani, jembe halina macho. Kisha akaweka ukutani swichi ya mkono kwa kila kundi, ili siku ambayo mtambo au simu itagoma, binadamu bado aweze kuwasha taa kwa kidole chake.

Jioni ya kuzindua kazi hiyo, Mzee Kizito alialikwa. Bi. Agneta aligusa simu mara moja, na bustani nzima ikawaka kwa mpigo. Watu walipiga makofi. Mzee alitazama kulia na kushoto, akaridhika, kisha akauliza kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Hongera sana, Mama. Na ile swichi ya jikoni kwetu Kamukuywa, uliyosema utaitengeneza baada ya Pasaka, ni Pasaka gani?" Taarifa tulizopokea leo asubuhi ni kwamba swichi hiyo ingali inasubiri. Tunaamini kustaafu kutasaidia.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo Bi. Agneta mwenyewe aliagiza lisiachwe nje ya wasifu huu. Vitufe vinne vya mtambo wa Kitale alivipa majina ya Kiswahili kwa mkono wake. Kimojawapo aliandika "Njia ya Kulia." Alikusudia njia inayoelekea mahali pa kulia chakula, ambayo iko upande wa kushoto wa kidimbwi. Bw. Naim, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kama fundi msaidizi, alitumwa kukarabati transfoma ya njia ya upande wa kulia, ile ya vyumba vya kubadilishia nguo. Makundi yote manne yalikuwa yamewashwa tangu asubuhi kwa ajili ya ukaguzi. Naim alisoma "Kulia," akazima "Kulia," akaenda kulia. Ilikuwa saa tano mchana na jua lilikuwa kali. Hakuna jicho ambalo lingetambua taa ipi imezimika. Alifungua kisanduku cha transfoma na kunyoosha mkono.

Bi. Agneta alikuwa akipita na testa ya kupimia stima mfukoni. "Naim! Toa mkono! Hiyo haijalala!" Aliigusisha testa, nayo ikawaka nyekundu.

"Lakini Mama, si umeandika kulia?" Naim alijitetea. "Na huu si ndio mkono wa kulia?"

"Kulia ya chakula, mwanangu. Ya chakula!"

Bi. Phelista, mpishi wetu mkuu, alikuwa ameyasikia yote kutoka dirishani. "Na ungechelewa kidogo, Agneta," akasema, "leo tungekuwa na kulia ya tatu."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Bi. Agneta alikwenda ofisini, akafungua daftari la kazi, akaandika: "Kosa ni langu. Neno nililoliandika lilikuwa na njia tatu." Kisha akatunga kanuni ambayo sasa inafuatwa katika matawi yetu yote mawili: watu watatu, kidole kimoja. Jina lolote halibandikwi kwenye kitufe mpaka watu watatu wasiohusika na kazi hiyo walisome, kila mmoja peke yake, na vidole vyao vielekee mahali pamoja. Kitufe kile leo kinaitwa "Njia ya Mkahawa." Tangu siku hiyo, hakuna fundi wetu aliyefungua kisanduku kisicho chake.

Kwa kanuni hiyohiyo alikuja Bungoma mwezi Juni. Mkandarasi alikuwa amemaliza kufunga mtambo, mwaliko wa ufunguzi ulikuwa umetoka, na harusi ilikuwa imepangiwa bustani hii. Vitufe viliitwa Eneo la Kwanza, la Pili, la Tatu na la Nne. Bi. Agneta aliwaita watu watatu waliokuwa karibu: mwendeshaji wa bodaboda, mfuaji wetu wa nguo, na mfanyabiashara wa Chwele aliyeleta vitunguu. Aliwauliza Eneo la Pili liko wapi. Mmoja alionyesha lango, wa pili akaonyesha kidimbwi, na yule wa vitunguu akasema, "Mama, mimi si wa kata hii, bana." Kisha Bi. Agneta akagundua jambo zito zaidi: taa za upande wa kina kirefu zilikuwa zimefungwa pamoja na pampu. Pampu ikipumzika kwa ratiba yake, taa nazo zinazimika, awepo mtu majini au asiwepo.

"Mama, hizi ni taa tu," mkandarasi alimwambia.

"Ndiyo, ni taa tu," alijibu. "Lakini ndizo zinazomwonyesha mtoto simiti inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Sitii sahihi."

Harusi ilihamishiwa Kitale. Wapo miongoni mwetu walionung'unika kwamba fundi anayebakisha wiki sita angeweza kufumba jicho moja. Hawanung'uniki tena. Mkandarasi alirudi, akazitenganisha taa na pampu, na swichi za mkono zikawekwa ukutani. Juma hili Bw. Naim, ambaye ndiye anayependekezwa kurithi nafasi hiyo, amevipa vitufe majina mapya. Bi. Agneta alikagua kila waya, lakini alikataa kuyasoma majina. "Nikiyasoma mimi nitayaelewa," alisema, "maana ni mimi niliyemfundisha. Huko si kupima, huko ni kujisifu."

Bi. Agneta, umetufundisha kwamba kazi njema ni ile inayoeleweka hata na mtu ambaye hukuwahi kumwona. Tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako pia. Mzee Kizito, tunakurudishia mkeo pamoja na shukrani zetu. Mwenye nyumba sasa ana fundi wa kudumu. Mungu akupe siku ndefu, Mama, zenye afya na kicheko, na nyumba isiyo na giza.

Mwisho, nimeagizwa na Mwenyekiti kutangaza uamuzi uliofikiwa Jumanne. Jaribio la majina halitafanywa na wafanyakazi, bali na kusanyiko hili, sasa hivi kabla ya chakula. Kila moja ya meza tatu za mbele itoe mtu mmoja ambaye hajawahi kuikanyaga bustani hii. Wataingia bustanini mmojammoja, watayasoma majina manne, wataonyesha kwa kidole. Vidole vyote vikikubaliana, Bi. Agneta atatia sahihi yake ya mwisho, Bw. Naim atapokea ufunguo, na Jumamosi tutafungua. Kidole kimoja kikipotea, wageni wote wa Jumamosi watapigiwa simu jioni hii waambiwe wasije, na Naim ataanza upya. Bi. Agneta ameomba aketi akiwa ameupa mtambo mgongo. Nasi wengine tunaombwa tusisaidie kwa macho, kwa kukohoa wala kwa kuguna.

Meza ya kwanza, tupeni mtu.